Katoni Niliyoijaza Mchanga

Nafula mwanangu,

Salamu za nini wakati hata hujaondoka? Begi lako liko hapa miguuni pangu, na wewe uko kanisani mnaagana na wenzako wa kwaya, mnakula chapati na kujifanya hamlii. Jua bado liko juu ya mabati. Nimefunga mlango kwa ndani ili mama wa jirani asije na maneno yake, nimekaa kwenye kile kigoda cha jikoni, daftari la stoo magotini, naandika.

Mambo ya kila siku siandiki. Ufunge mlango, ule, usimpe mtu simu yako pale stendi: nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, mimi nina miaka ishirini na tatu, si ndoo ya maziwa." Haya, nimenyamaza. Barua hii ni ya jambo ambalo sijawahi kulisema. Wiki hii nimejaribu kulisema kwa mdomo mara mbili, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umekula.

Kesho nitakupa barua hii basi likishatoka Kakuma. Wewe utakaa mbele dirishani, mimi nitakaa nyuma. Uliponisikia nikisema nakusindikiza mpaka Lodwar ulinicheka, ukadhani nimeshindwa kukuachilia. Cheka tu. Nina safari yangu. Soma polepole, na tafadhali usigeuke kuniangalia, maana ukigeuka nitaogopa.

Ile siku ulipopata kazi ya maabara ulinionyesha kwa simu mashine zao. Kuna meza ya chuma inayotikisika na juu yake katoni imefungwa mkanda, inaruka ruka peke yake. Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikasema kumbe watu wamechukua barabara ya Lokichar wakaiweka ndani ya nyumba! Ukanionyesha na nyingine ya kugandamiza katoni mpaka ibonyee, na chumba cha joto, na winchi ya kuinua mzigo na kuuachilia uanguke. Kazi yote hiyo ni kujua kama kifungashio kitafikisha kitu kizima. Ukaniuliza, "Mama, si hii ndiyo kazi yako?" Nikasema ndiyo, nikakimbilia jikoni kugeuza mandazi ambayo hayakuwa yakiungua.

Halafu juzi nikakukuta umegeuza kalenda ya zamani, unajifunza sahihi yako nyuma yake. Ulikuwa umeandika kama mara thelathini. Ukasema, "Sahihi yangu ndiyo itaruhusu mzigo utoke." Ulisema kwa furaha. Nilikaa kitandani nikajiambia, Nasimiyu, huyu mtoto haondoki hapa bila kujua.

Unakumbuka ulipokuwa kidato cha kwanza uliniuliza kwa nini anko Ekiru haji tena nyumbani? Nilikuambia ana shughuli. Krismasi ukauliza tena, nikakukaripia mbele ya wageni kwa kosa la kumwaga chai, na chai yenyewe ilikuwa tone tu. Leo nakujibu.

Ekiru alikuwa dereva wa lori letu la kazini. Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka minne, na watu wa kwetu Bungoma wakaniambia nirudi, nimefuata nini jangwani. Ekiru ndiye aliyenifanya niweze kubaki. Kwao ni Lowarengak, kule ziwani, na kila alipopita nyumbani kwao alikuletea samaki mkavu amefungwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Ukisikia lori lake unatoka mbio bila viatu. Alikufundisha kuhesabu kwa Kiturkana ukiwa umekaa juu ya gurudumu la akiba. Alikuita "mtoto yangu," na hakuna mtu aliyemsahihisha.

Mwaka ule ulioanza kidato cha kwanza ndio nilikuwa nimepewa ukubwa wa stoo ya dawa. Ikaletwa katoni mpya, nyepesi kuliko ile ya zamani, ya kupelekea dawa kwenye zahanati za mbali. Kanuni yetu ilikuwa inajulikana: katoni mpya haitoki na dawa kabla ya kupimwa. Unaijaza chupa za kioo zenye maji, saizi ileile ya dawa. Unaiangusha kutoka kiunoni, kwa kona, kwa ukingo, kwa tumbo. Unaipakia kwenye lori iende Lokichoggio na kurudi. Kisha unailaza stooni siku kumi, nyingine sita zikiwa juu yake, kwenye lile joto letu la mabati linalokunja mishumaa. Ndipo unafungua, unakagua, unajaza fomu.

Sasa, mkubwa mpya alikuwa ametoka Nairobi na alikuwa amenisifu mbele ya watu wote kwamba mama huyu ni chapuchapu. We! Sifa ile ilinilewesha. Aliposema katoni zinatakiwa upesi, hakunishurutisha, tusimsingizie. Aliuliza tu, "Mama, tutakuwa tayari lini?" Mimi mwenyewe nikajibu, "Wiki hii hii."

Chupa tupu zilikuwa zimerundikwa nyuma ya zahanati. Kilichotakiwa ni kuziosha na kuzijaza maji moja moja. Badala yake nilichukua karai nikaenda kwenye ile laga nyuma ya stoo, ule mto mkavu wa msimu, nikachota mchanga. Nikapima kwenye mizani, uzito sawasawa na wa dawa, haupungui wala hauzidi. Nikajiona mjanja kweli kweli. Nikaiangusha katoni, ikatulia. Nikaiangusha kwa kona, hata haikubonyea. Safari ya Lokichoggio nikaikatisha Kalobeyei, hapa karibu tu, na siku ya tatu nikaandika siku kumi. Chini nikaandika "Imepita," nikatia ile sahihi yangu yenye mkia.

Wewe umesomea haya, umeshaona. Mchanga hauvunjiki. Tena mchanga unajaza kila pembe, unaishikilia katoni kwa ndani isikunjane. Chupa zina nafasi katikati, zina shingo, zinagongana. Nilikuwa nimepima uzito wa dawa, dawa yenyewe sikuipima.

Siku ya kupakia mzigo wa Kaikor, Ekiru aliinua katoni moja, akaisogeza sikioni, akaitikisa kidogo.

"Mama, hii katoni inalia."

"Inalia nini?"

"Ndani. Chupa inagongana. Ile ya zamani ilikuwa inanyamaza."

Wapakiaji wakacheka, na mimi, kwa kuwa wamecheka, nikataka wacheke zaidi. Nikamwambia, "Ekiru, wewe ni dereva ama daktari wa makatoni? Fomu hii hapa, imepita. Washa gari." Akaiangalia fomu, akaniangalia mimi. Akasema, "Sawa, mama. Wewe ndio umesoma." Hakuwa akinikejeli, mwanangu. Aliniamini.

Ndani ya mzigo ule kulikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, vichupa vidogo vya kioo. Lori lilipofika Kaikor kulikuwa na mwanamke amelazwa kwenye baraza ya zahanati, anaitwa Ayanae, ameumwa mkononi asubuhi akiokota kuni. Nesi alifungua katoni mbele ya mume wa Ayanae. Vigawanyo vya karatasi vilikuwa vimelegea kwa joto, chupa zimesagana safari nzima, sakafu ya katoni imefumuka. Vichupa vizima vilibaki viwili, na viwili havikutosha. Ekiru hakushusha hata mzigo uliobaki. Alimlaza Ayanae juu ya magunia, nesi akapanda naye, akageuza lori kwenda Lodwar hospitali. Alipiga mwendo ambao hajawahi kupiga, springi ikavunjika njiani, akaifunga kwa kamba akaendelea. Ayanae aliishi. Mkono wake wa kulia ulikatwa juu ya kiwiko.

Siku chache baadaye tukaitwa kwenye kikao. Lori lina springi iliyovunjika, dawa zimepasuka, kwa hiyo kila mtu alikuwa ameshapata jibu: dereva alikimbiza gari. Ekiru akasimama, kofia mkononi. "Springi ilivunjika nikirudi na mgonjwa," akasema. "Kwenda, nilienda polepole. Na mimi niliambia mama wa stoo hii katoni inalia. Muulize."

Mkubwa akanigeukia. "Mama, alikuambia?"

Fomu ilikuwa mbele yangu. Niliona mkia wa sahihi yangu. Wapakiaji waliokuwepo siku ile walikuwa vibarua tu, hakuna aliyewaita. Ekiru alikuwa ananiangalia bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyempa mwenzake mtoto amshikie kidogo.

Nikasema, "Sikumbuki."

Ndiyo hilo, Nafula. Neno lenyewe ndilo hilo, sikuongeza wala sikupunguza. Ekiru alifutwa kazi siku hiyohiyo. Alipokuwa akitoka alipita karibu na kiti changu akasema taratibu, "Ejok, mama," salamu ileile ya kwao ya siku zote. Ningefurahi kama angenitukana.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilinyamaza kwa ajili yako. Karo yako, nyumba hii ya kazi, mjane peke yake huku mbali. Usikubali kubebeshwa hilo, na ukisikia mtu ananitetea kwa maneno hayo, hata kama ni mimi mwenyewe, mkatalie. Ningekuwa sina mtoto wala nyumba bado ningesema sikumbuki. Niliona aibu kwamba dereva alisikia kwa sikio lake kitu ambacho mimi na fomu yangu hatukukisikia. Ni hilo tu, kiburi cha mtu aliyesifiwa juzi.

Baada ya hapo ndipo nikaanza kupima kweli. Hayo unayajua, ulikuwepo likizo zote. Chupa za kioo nilizijaza maji yenye unga wa juisi nyekundu ili ikivuja ionekane, na wewe ulikuwa unashika kitambaa cheupe, mkono wako mwekundu mpaka kwapani, unapiga kelele, "Mama, imevuja kona ya chini!" Nilipanda mwenyewe juu ya lori mpaka Lokichoggio na kurudi. Niliwaendea wapakiaji nikawaambia wanionyeshe wanavyoshusha mzigo. Wakashusha taratibu kama wanabeba mtoto wa askofu. Nikawaambia hapana, nionyesheni mnavyoshusha saa nane mchana wakati njaa inauma na hakuna mtu anayeangalia. Wakaangaliana, wakacheka, halafu wakairusha. Tangu siku hiyo katoni zangu nilizirusha vilevile. Huko uendako kuna winchi inayoachilia mzigo wima, umenyooka vizuri. Mimi sijawahi kuona mzigo unaoanguka hivyo hapa Turkana. Waulize wanaobeba.

Watu wakaanza kuniita Mama Katoni. Wageni wakija wanaletwa stooni kunitazama, na kila niliposifiwa niliona ile kofia ya Ekiru mkononi mwake. Na wewe ukaipenda kazi, ukaenda kuisomea. Nilikuwa najivunia mpaka kifua kinauma, na papo hapo najua kwamba mapenzi yako hayo yalianzia kwenye aibu yangu. Hayaharibiki kwa sababu hiyo. Lakini ni haki yako kujua yalikotoka.

Ayanae nilimwona mara moja. Nilikuwa nimepeleka mzigo Kaikor, nikamkuta kisimani anafunga mtungi wa plastiki mgongoni mwa punda, kamba ameishika kwa meno, mkono mmoja unakaza fundo. Nesi akamwambia mimi ni mtu wa stoo ya dawa. Akaacha punda, akaja akanishika mkono kwa ule wake wa kushoto, akashukuru. Mimi! Nilikunywa maji aliyonipa nikarudi kwenye gari. Sikusema kitu. Hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kuuficha ukweli, na mara hiyo hakuna kikao kilichonibana.

Ekiru sasa anaziba pancha Lodwar, karibu na pale basi linaposimama. Nimepita pale nikijifunika leso kama mwizi. Mwaka jana akaniona kabla sijamwona. "Ejok, mama. Mtoto yangu amefika wapi na masomo?" Nikamwambia unamaliza. Akapiga makofi, mikono yote grisi, akawaambia wenzake waliokaa pale, "Huyo nilimfundisha kuhesabu." Nikadai nina haraka. Najua kuna lori na basi za watu wengi hapa, na hakuna aliyewahi kumpa usukani tena. Wakiuliza alifanya kazi wapi, wanaambiwa ni yule aliyepasua dawa.

Sasa nikuambie nilichofanya, kwa sababu sikuandika barua hii ili ulie nami. Leo saa nne asubuhi, ulipodhani nimeenda kununua mafuta ya kupikia, nilikwenda ofisini. Nimemwandikia mkubwa tuliye naye sasa, kurasa mbili: mchanga, Kalobeyei, siku tatu zilizogeuka kumi, na alichoniambia Ekiru wakati wa kupakia. Nimeweka jina langu kamili na sahihi isiyo na mkia. Nimempa mkononi, nikasimama mpaka akamaliza. Aliondoa miwani akaniuliza kama nina hakika, kwa maana nimebakiza muda mfupi nistaafu. Nikamwambia nina hakika. Akasema basi kiitwe kikao mbele ya watu, na Ekiru aitwe. Nikamwambia Ekiru nitamwita mwenyewe.

Kwa hiyo huenda ukirudi Desemba usinikute nyumba hii. Huenda usinikute kazini. Nimeshapanga moyoni na silii. Mikono ipo, mandazi yangu unayajua, na Kakuma haijawahi kumnyima chakula mtu anayeamka mapema. Wewe usirudi kunisaidia, usiniombee msamaha kwa mtu yeyote, na usikatae kazi kwa sababu yangu. Nenda.

Najua siku itakuja. Haitakuja na pembe kichwani. Atakuja mtu mzuri, mwenye adabu, akuulize, "Nafula, tutakuwa tayari lini?" Na mashine itakuwa ina foleni, na wewe utakuwa umesifiwa juzi. Au atakuja mfagiaji akuambie kitu kinalia. Sitakuambia ufanye nini, una akili kunizidi. Mimi nimekuambia tu nilivyofanya, na mkono wa nani ulikatwa.

Ile fomu ninayo. Walipofunga faili niliomba nakala yake nikisema ni ya kumbukumbu, nikaificha chini ya sanduku la nguo. Nimeitoa leo. Nimekuta nilikuwa nimeifunga kwa nailoni mbili na gundi pembeni zote. Miaka hii yote, na vumbi letu hili, haijapata hata doa. Nimecheka peke yangu. Kwa kitu cha kuficha, mama yako alijua kufunga.

Na hilo boksi lenye kamba ya bluu ni lako. Ndani kuna zile glasi sita za harusi yangu, maana nimechoka kukusikia ukizitaja. Mchana nililiangusha uani mara nne, kuku wakakimbia. Moja ilivunjika. Nikafungua, nikatoa vipande, nikafunga upya kwa vitenge vyangu, nikaliangusha tena. Sasa ni tano, na ukilitikisa halilii.

Nasikia sauti yako inakuja na wenzako, mnaimba njia nzima. Nitafungua mlango sasa hivi na nitakuuliza kama umekula.

Kesho tukifika Lodwar nitashuka na usishuke nami. Fungua dirisha tu. Utamwona yule mtu mwenye mikono ya grisi akiinuka, na najua atasema "Ejok, mama," kisha ataangalia nyuma yangu akutafute. Mpungie mkono vizuri, umhesabie moja mpaka kumi kwa Kiturkana acheke. Basi likiondoka nitampa fomu, na kabla hajauliza chochote nitamwambia, mbele ya wenzake waliokaa pale wote, "Ekiru, uliniambia katoni inalia. Nakumbuka."

Mama yako,
Nasimiyu